Shosho na Mashine ya Matofali

Hema likipigwa na jua la saa nne asubuhi hutoa harufu yake lenyewe, na aliyewahi kuishi ndani yake hawezi kuichanganya na nyingine. Ni harufu ya plastiki iliyopata joto, ya nyasi zilizonyauka chini ya mkeka, ya mafuta ya taa, ya blanketi ambalo halijawahi kukauka sawasawa, na ya moshi wa jana uliokataa kutoka. Mimi niliizoea nikiwa darasa la nne, kiasi kwamba nikienda shuleni niliinusa kwenye sweta yangu na kwenye vitabu vyangu, na watoto wenzangu wa mahema tulitambuana kwayo hata kabla hatujajuana majina. Hatukuiona kuwa aibu. Tulikuwa wengi, tulikuwa na mteremko mzima wa kuteleza juu ya vipande vya plastiki, na siku isiyo na ukungu tuliweza kuliona Ziwa Nakuru chini kabisa, likimetameta kama bati jipya lililoangushwa na mtu akasahau kuliokota.

Mahema yetu yalikuwa Dundori, juu ya mji wa Nakuru, mahali ambapo viazi hustawi na baridi haina huruma. Hatukuzaliwa huko. Nyumba yetu, pamoja na duka la Baba la ushonaji, viliteketea wakati wa vurugu za uchaguzi katika kituo kidogo upande mwingine wa Bonde la Ufa. Tukalala kwa miezi kwenye uwanja mjini Nakuru, tukiwa tumejaa kama viazi guniani, hadi baadhi ya familia zilipoungana na kununua kipande cha shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Kila familia ikapata kiwanja chake, ikasimamisha hema lake juu yake, na hapo ndipo nguvu za watu zilipoishia. Ardhi tulikuwa nayo. Cha kuweka juu yake hatukuwa nacho.

Katika hema letu tulikuwa watano: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Kamau aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na Shosho, mama yake Baba. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuchimba viazi kwenye mashamba ya wenyeji, na jioni alirudi na chakula na kucha zilizojaa udongo. Kamau alikuwa na kikohozi kisichoisha. Muuguzi wa zahanati alimwambia Mama, bila kumzungusha, kwamba mtoto yule asipitishwe masika mengine ndani ya hema. Mama alituambia maneno hayo wakati wa kula. Upepo ulikuwa ukilipigapiga turubai, nasi sote tukasikiliza turubai.

Naye Baba alikuwa amelala. Sisemi hivyo kumlaumu. Nasema jinsi ilivyokuwa. Kabla ya vurugu Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mrefu mwenye mikono mirefu, ambaye alishona suruali huku akifundisha sauti ya tatu kwa wateja waliokuja kupimwa. Watu walikuja dukani na nguo ambazo hazijachanika ili wakae tu wamsikilize. Baada ya moto ule, sauti yake iliisha. Alizungumza, ndiyo, lakini maneno machache yasiyo na mwinuko, kama mtu anayesoma tangazo. Asubuhi alikunywa uji wake, akageuka akalitazama turubai, na jioni tulimkuta akiwa bado analitazama. Tulipozungumzia nyumba alisema, "Nimejenga moja. Ikachomwa. Sijengi ya pili juu ya ardhi ya watu." Shosho alimjibu kwamba ardhi ni yetu, karatasi zipo, naye akasema hata ile nyingine ilikuwa na karatasi.

Basi likaja Shirika. Lilikuwa na jina refu lililoandikwa kwenye mlango wa gari, lakini sisi watoto tulilijua kwa jina la Shirika tu, kana kwamba hakukuwa na jingine duniani. Wageni wake walikaa nasi kwenye nyasi, wakanywa chai yetu ya moshi, wakaeleza walichokuja nacho: simiti, mabati, milango, madirisha, mashine ya kutengeneza matofali ya udongo, na fundi wa kutufundisha kuitumia. Udongo ungetoka kwetu. Mchanga na maji tungebeba sisi. Na kila familia ingetoa mtu mzima mmoja, Jumatatu hadi Jumamosi, ambaye angefanya kazi kwenye nyumba zote na si yake peke yake, kwa zamu zilizopangwa kwa kura. Familia isiyotoa mtu ingesubiri mpaka nyingine zote zimalize. Vifaa vikiwa vimeisha kufikia hapo, basi ingekuwa imekosa. Watu walipiga makofi. Mama, aliyekuwa ameomba ruhusa shambani ili ahudhurie, alipiga makofi huku akiangalia upande wa hema letu.

Kisha fundi akasimama kujitambulisha. Alikuwa mwanamume mnene mwenye ovaroli ya buluu na tabasamu la haya. Akasema anaitwa Kiprono, anatoka Olenguruone, na kwamba mashine ile haihitaji elimu, inahitaji mgongo. Alipotaja jina lake na kwao, makofi yalipungua. Watu waliotufukuza walikuwa wa lugha yake, na wapo watu wa lugha yetu waliowafukuza watu wa kwake. Kila mtu mzima pale alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka. Kiprono alisubiri kidogo, akaona hakuna swali, akakaa chini na kuendelea na chai yake. Tulipomweleza Baba habari za mkutano, aliuliza jambo moja tu: jina la fundi. Alipoambiwa, alivuta blanketi.

Kazi ilianza Jumatatu iliyofuata. Familia zote zilitoa watu isipokuwa yetu. Mama hakuweza, maana siku ambayo hakwenda kwenye viazi ni siku ambayo hatukula. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano asubuhi, nikijiandaa kwenda shule, nilimwona Shosho akiingiza miguu kwenye gambuti za Baba, buti zake ndefu za mpira. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, aliyezidi miaka sabini kwa hesabu yake mwenyewe ambayo ilibadilika kulingana na anayeuliza. Gambuti zile zilimfika magotini na ushee. Alijaza matambara mbele ili zisimtoke, akafunga kitambaa kichwani, akatoka bila kuaga. Baba alimtazama akipita.

Nilichelewa shule kwa makusudi siku hiyo, kwa sababu nilitaka kuona. Shosho alikwenda moja kwa moja hadi kwa Kiprono, aliyekuwa akipaka mashine mafuta, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi ni mtu ya ile hema ya mwisho. Nimekuja kazi."

Kiprono alimwangalia kuanzia kitambaa hadi gambuti. "Gogo," alisema, maana ndivyo walivyomwita bibi huko kwao, "wewe ni wa kukaa hapo kwa kivuli, utuangalie."

"Nimeangalia miezi mingi. Nimechoka kuangalia. Umekula?"

"Eh?"

"Nauliza umekula asubuhi."

Kiprono akakiri kwamba hajala. Shosho akatoa kiazi kitamu mfukoni mwa sweta, akakivunja katikati, akampa kipande kikubwa. Nadhani hapo ndipo alipoajiriwa. Alipewa kazi ya kumwagilia matofali maji na kuyafunika kwa nyasi, kwa sababu tofali la udongo na simiti likikauka haraka hupasuka. Linataka kunyweshwa siku nyingi kama mche. Shosho aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Aliyasemesha matofali, akayakemea yaliyopata ufa, na jioni alirudi hemani akiwa na habari za kila mtu, akausimulia mgongo wa Baba kwa sauti ya juu, kana kwamba mgongo nao una masikio.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Na kwa kweli mashine ile ilikuwa kitu cha kupendeza. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mdomo juu na mkono mrefu, mrefu kuliko mtu. Wanawake walichekecha udongo mwekundu, wakauchanganya na simiti kidogo na maji kiasi, kiasi kwamba ukiufinya kiganjani unashikana na ukiuangusha unavunjika. Udongo ule ulijazwa mdomoni, kifuniko kikafungwa, kisha watu wawili wakauvuta ule mkono hadi chini kwa uzito wao wote. Chuma kililia, mkono ukarudishwa, na tofali likapanda juu taratibu, laini, lenye kingo kali, likitoa mvuke kidogo kwenye baridi ya asubuhi, kama mkate. Sisi watoto tulisimama tukilisubiri kila moja kana kwamba hatujawahi kuona lile lililotangulia.

Jumamosi moja, shule ikiwa imefungwa, mmoja wa wanaume wa mashine alikwenda kunywa maji. Shosho alikuwa karibu, ndoo yake mkononi. Aliitua, akapanguza mikono kwenye sketi, akaruka. Sitii chumvi: aliruka. Akaudaka ule mkono wa mashine kwa mikono miwili, mkono ukateremka hadi katikati, ukagoma, ukaanza kurudi juu pamoja naye. Shosho akabaki akining'inia hewani kama shuka kwenye kamba, na gambuti moja ikamtoka mguuni, ikaanguka chini na kusimama wima peke yake.

Kisha Shosho mwenyewe akaanza kucheka, kicheko chembamba cha kusukumasukuma, huku bado amening'inia, na hapo mteremko mzima ukalipuka. Mama Shiro, jirani yetu mnene aliyekuwa akichekecha udongo, alilazimika kukaa chini juu ya rundo lake. Kiprono alikimbia na kumshika Shosho kiunoni ili amteremshe.

"Usiniteremshe!" Shosho akapiga kelele. "Vuta! Vuta na wewe, tofali limekaribia!"

Mimi nilikwisha fika. Nilijitundika upande wa pili, Kiprono akavuta kwa mkono mmoja huku akimkinga Shosho kwa mwingine, na mkono wa mashine ukateremka hadi chini. Tofali lililotoka lilikuwa limelala upande, bega moja juu na jingine chini. Shosho alilizunguka akilikagua. Akasema ni zuri. Akavaa gambuti yake na kusema, "Lingine."

Hapo ndipo nilipomwona Baba. Habari kwenye mahema haihitaji mtu wa kuipeleka. Kicheko kilikuwa kimemfikia, na jina la mama yake ndani yake. Alikuwa akishuka mteremko akiwa na kandambili, shati limetoka nje ya suruali, macho yakiwa madogo kwa sababu ya jua ambalo hakuwa amelizoea tena. Watu walimpisha mmoja mmoja. Alifika akasimama mbele ya mashine.

"Mama, toka hapo," alisema.

"Nitoke, nani ashike?" Shosho hakuuachia mkono wa mashine.

"Watu wanakucheka."

"Hata mimi nacheka. Ni wewe tu hucheki." Alisema hivyo bila ukali. Kisha akasema kwa lugha yetu, polepole, maneno ambayo naweza kuyarudia kama yalivyokuwa: kwamba yeye ni mzee, kwamba hatakaa sana ndani ya nyumba yoyote itakayojengwa pale, kwamba anayevuta mashine ile anamvutia Kamau. Na kama Baba ameona ni bora mtoto akohoe, basi arudi akalale, yeye ataendelea kuning'inia.

Sikujua Baba angefanya nini. Mikono yake mirefu ilikuwa imening'inia tu ubavuni. Kiprono alisimama upande wa pili wa mashine, akiangalia chini, na nadhani naye hakujua. Mwishowe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo haikulingana na mwili wake, "Karibu, mzee. Huyu gogo amenishinda."

Baba alimsogeza Shosho kando, kwa upole, kama mtu anavyosogeza kiti, akaushika mkono wa mashine.

Walianza vibaya. Mashine ile inataka watu wawili wavute kwa pamoja. Mmoja akitangulia, mkono unagonga na tofali linapasuka. Baba na Kiprono walikuwa hawatazamani, kwa hiyo kila mmoja alivuta kwa wakati wake. Tofali la kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Kiprono akapendekeza wahesabu, akaanza, "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" na niliona uso wa Baba ukikunjamana. Niliujua mkunjo ule. Ulikuwa ule ule aliokuwa nao dukani, mteja alipoimba nje ya mdundo. Alivumilia kidogo, kisha, bila kunuia, akaanza kuguna. Mguno mmoja chini, mmoja juu, na wa tatu mrefu pale mkono ulipoteremka. Tofali likatoka zima. Akaguna tena. Likatoka jingine. Baada ya muda mguno ukapata maneno, maneno ya kijinga aliyoyatunga papo hapo juu ya ajuza mwenye gambuti za mwanawe aliyetaka kuruka hadi Nakuru, na wanawake wa udongo wakaanza kuitikia. Mama Shiro alichukua sauti ya juu. Kiprono, akisahau haya yake, akaingia naye kwa nguvu, na akaharibu kila kitu.

Baba akasimamisha mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama yule mtu usoni.

"Hapo unapotea," alimwambia. "Unakimbilia juu na wanawake. Sauti yako ni ya besi. Shuka. Hapa," akashuka mwenyewe ili kumwonyesha, "kaa hapa, usihame hata ukiitwa."

"Hapa?" Kiprono akajaribu.

"Chini kidogo. Ee. Hapo hapo."

Wakaendelea hadi udongo ukaisha. Jioni ile Mama aliporudi kutoka kwenye viazi alisimama njiani na mzigo wake, akasikiliza, kisha akaniuliza ni nani anayeimba kule. Nikamwambia ni Baba. Alikaa juu ya mzigo wake pale pale njiani, akajifunika uso kwa leso, na mimi nikadhani amechoka.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda kwa wimbo. Watu wa magari ya viazi waliopita barabarani walipunguza mwendo. Nyumba zikaanza kuonekana, moja baada ya nyingine, kuta nyekundu zenye mistari mizuri, maana matofali yale yalishikana yenyewe kama vidole na hayakuhitaji simiti nyingi katikati. Baba na Kiprono walikuwa wakila pamoja mchana, githeri ya Mama Shiro, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria moja. Siku moja nikiwa nimewapelekea maji nilimsikia Baba akimuuliza Kiprono kama kwao kulikuwa shwari wakati ule. Kiprono alitafuna kwanza, akameza. "Nyumba ya kaka yangu pia iliungua," alisema. "Ya ng'ombe na ya watu." Baba akamsogezea sufuria. Ndiyo maongezi yote niliyowahi kuyasikia kati yao juu ya jambo hilo, na hadi leo sidhani waliyarudia.

Masika yalikuja kabla hatujamaliza. Ilikuwa alasiri, na tulikuwa tumetoka shule. Upande wa milimani mawingu yalikusanyika yakawa na rangi ya sufuria iliyoungua, na upepo ukageuka. Uwanjani kulikuwa na matofali mabichi ya nyumba ya Mama Shiro, safu baada ya safu, yaliyotengenezwa siku ile ile. Mvua ingeyarudisha kuwa matope. Nyasi hazingetosha, na plastiki ya Shirika ilikuwa imefunika simiti. Watu walisimama wakitazama juu. Kisha nikamwona Baba akikimbia kuelekea hema letu. Nilidhani anakwenda kuokoa vitu. Aling'oa kigingi cha kwanza, akang'oa cha pili, na hema likalala chini juu ya vyombo vyetu. Akaanza kulivuta lile turubai, huku akimwita Mama, aliyekuwa amerudi mapema siku hiyo, atoe blanketi na kitabu cha nyimbo na Kamau, kwa mpangilio huo, jambo ambalo Mama hakumsamehe kwa miaka mingi.

Hakuna aliyeamrishwa. Walipoona turubai letu linatandazwa juu ya matofali ya mtu mwingine, wengine nao waliyakimbilia mahema yao. Mahema yakaanguka huku na huku kama nguo zinazovuliwa, na mvua ilipopiga, matofali yalikuwa yamefunikwa na watu wote walikuwa nje. Tulikimbilia nyumba iliyokuwa imekwisha ezekwa, nyumba ya chumba na sebule, na sijui tuliingiaje humo sote. Mvua ya Dundori juu ya mabati mapya ni kelele isiyoelezeka. Watoto tulikuwa tumesimama kati ya miguu ya watu wazima, tumelowa, tunatetemeka, na kila mtu akicheka kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Shosho alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Kamau amefungwa ndani ya sweta yake, akiyatazama mabati kwa mshangao kama mtu anayetazama nyota. Hakuna tone lililopita. Alikuwa akinyoosha kiganja mara kwa mara kuhakikisha.

Nyumba yetu ilimalizika majani ya viazi yalipokuwa yamefunika mteremko. Siku ya kuhamia hatukuwa na mengi ya kuhamisha, kwa hiyo tulirudia safari makusudi, kijiko mkono huu na kikombe mkono ule, ili ionekane tunahama. Ndani mlinukia simiti na rangi ya mlango, na sauti zetu zilirudi kutoka ukutani, jambo lililomfanya Kamau apige kelele na kujisikiliza. Shosho alikataa kuingia. Alisubiri nje hadi sote tulipokuwa ndani, akatuamuru tufunge mlango. Tukafunga. Kisha akabisha.

"Hodi!"

Tulitazamana. Hemani hakuna mahali pa kubisha. Mtu huinua turubai na kuingiza kichwa. Hakuna aliyekuwa amebisha kwetu tangu nyumba ile nyingine. Ilibidi Mama anisukume kidogo.

"Karibu!" nikasema, nikamfungulia.

Aliingia kama mgeni, akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani. Wiki ile nzima watoto wa mteremko hatukucheza mchezo mwingine. Tulizunguka nyumba hadi nyumba tukibisha hodi na kukaribishwa na kukimbia kubisha pengine, hadi Mama Shiro alipotoka na mwiko.

Siku hizi ninaishi mjini Nakuru, ghorofa ya tatu, maji ya bomba na choo ndani, nafundisha hesabu katika shule ya upili. Sitaki kumdanganya mtu kwamba maisha ya hema yalikuwa matamu. Baridi ile iliingia kwenye magoti ya Mama na haijatoka. Shosho alikaa ndani ya nyumba yake miaka sita tu. Lakini nikipanda ngazi jioni na vitabu vya kusahihisha, nikapita milango ya watu ambao sijui hata mmoja wao anaitwa nani, naona kwamba nimepanda kimaisha kuliko pale Dundori na bado kuna kitu nimekiacha kule. Nina jiko la gesi, sina wa kumwomba chumvi. Kamau, ambaye sasa ni kijana mwenye kifua kipana na maneno mengi ya mtaani, hunicheka. "Wee nawe, sista," husema, "si uende tu ubishe kwao?" Nimeanza kubisha. Jirani mmoja alifungua akidhani ni watu wa stima waliokuja kusoma mita.

Kijiji kile nacho kimebadilika. Nyumba zimeongezwa vyumba, nyingine zimepakwa rangi ya waridi na kijani, kuna tangi la maji na shule ya chekechea. Shirika liliondoka zamani, na ni watu wachache wanaokumbuka lile jina refu. Mwaka huu mwanzoni, mwanamke mmoja kutoka upande wa Mau Narok, mjane mwenye watoto, alihamia kwenye kiwanja cha mwisho kilichobaki wazi akiwa na turubai na sufuria chache. Jumamosi iliyofuata Baba alinipigia simu, akasema nije na viatu vya zamani. Nilikuta watu wamejaa. Mashine walikuwa wameiazima mahali, mchanga umefika, vijana waliokuwa hawajazaliwa enzi zetu walikuwa wakichekecha udongo huku muziki ukilia kwenye simu zao. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akilalamika kwamba muziki wenyewe hauna besi.

Yule mjane alikuwa amesimama kando na mtoto kiunoni, akitazama yote hayo kama mtu aliyekosea njia. Hatimaye alimsogelea Mama, aliyekuwa akigawa uji, akamuuliza kwa heshima, "Samahani, mathe. Nyinyi ni wa shirika gani?"

Mama alifikiri kidogo. Alimchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni kwake.

"Hatuna jina," alisema. "Shika ndoo. Maji ni huko chini."